Namba Iliyopigwa Kushoto

Mliponiaga, wenzangu wa yadi ya ukaguzi wa magari hapa Garissa, mlinipa saa ya ukutani na hotuba mbili. Saa niliifungua nyuma nikaikagua. Ni mpya kweli, na siombi radhi kwa kuikagua. Hotuba zote mbili zilisema kwamba nilikuwa mtu wa kuwaamini watu. Walioziandika hawakuwahi kulala nami chini ya gari.

Mmoja wenu alinifuata mlangoni akaniomba niandike kuhusu kufuta usajili wa magari yaliyokufa, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo kila mkaguzi mpya huikimbia. Namwelewa. Kukagua basi jipya kuna heshima yake, na dereva hukuita bosi. Gari lililokufa huja juu ya lori, limejaa kinyesi cha mbuzi, na anayelileta ana haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyonifundisha kushuku. Kitu kimekwisha kufa, unakikimbizia nini?

Nilifika Garissa nikitoka Mwingi, na sanduku la bati lenye vitabu vya umakanika. Nilikuwa nimejisomea mwenyewe, kwani chuo hakikunichukua. Nilipoingia yadi asubuhi ya kwanza niliona miguu miwili tu, imetokeza chini ya mabaki ya lori.

"Warya!" miguu ikasema. "Wewe mbya? Lete kioo."

Nilitazama huku na huku, nikang'oa kioo cha pembeni cha gari lililokuwa karibu, nikampa. Alikigeuza mkononi.

"Hiki ni cha gari ya mkuu wa kituo," akasema. "Rudisha bole bole, kabla hajatoka chai."

Huyo alikuwa Gedi, mkaguzi mkuu wa yadi. Alizaliwa kwa wafugaji wa ngamia upande wa Eldas, akawa fundi, kisha mkaguzi. Aliitamka p kama b, na hakujali wingi wala umoja wa kitu chochote kisicho mnyama. Maneno yake nayaandika alivyoyasema, maana nikiyanyoosha yanapoa. Kioo alichokitaka kilikuwa kidogo, cha kunyolea, kimefungwa kwenye waya mnene, cha kuchungulia mahali ambapo kichwa hakipiti. Baadaye alinirithisha, na sasa kimo kwenye droo ya chini. Msikisafishe kwa petroli.

Kwa mgeni wa kazi hii, utaratibu ni huu. Gari likifika mwisho, mwenyewe haruhusiwi kulikatakata, akauza vyuma na kunyamaza. Lazima alifute kwenye usajili. Anarudisha kitabu halisi cha gari, kile ambacho watu wote hukiita logbuku, pamoja na vibao vya namba vya mbele na nyuma. Anaonyesha kitambulisho. Kama lilinunuliwa kwa mkopo, mkopeshaji anathibitisha kwa maandishi kwamba hana dai. Kama mwenyewe amefariki, warithi wanaleta cheti cha kifo na hati ya mahakama ya kusimamia mali. Polisi wanathibitisha kwamba gari halitafutwi. Halafu mkaguzi analiona gari lenyewe, au kilichobaki, na kusoma namba ya chesi, yaani ule uti wa mgongo wa chuma ambao gari zima hulala juu yake. Analiona kwa macho. Haoneshwi picha, wala haambiwi, "Liko Bura, mkaguzi, njia ni mbovu, andika tu." Yote hayo yakikamilika ndipo cheti hutoka, na mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni akaruhusiwa kukata.

Nilimuuliza Gedi mbona kuna usumbufu wote huo kwa ajili ya kutu. Alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Mtu akikufa, watu wanalia, karatasi inafuata," akasema. "Gari ikikufa hakuna anayelia, lakini karatasi yake bado inabumua. Kuna gari ingine inavuka mbaka usiku, haina jina. Unafikiri inatafuta nini? Inatafuta maiti, ichukue jina yake."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwizi hahitaji gari lako bovu. Anahitaji kitabu chake na namba yake.

Siku ya soko la mifugo alinipeleka kwa ngamia. Nilidhani anataka kuninunulia maziwa. Alinisimamisha mbele ya dume mmoja akaniambia nisome shingo. Niliona kovu la chapa ya moto, basi. Akanishika kidole, akakipitisha juu ya ngozi: kulikuwa na kovu jingine chini yake, pana, lililotanuka mnyama alipokuwa akikua. Lile la juu lilikuwa jembamba na kingo zake zilikuwa kali.

"Chaba ya utoto inakua na mnyama," akasema. "Hii ingine imekuja juzi na mwizi."

Mwenye ngamia alikuwa amesimama palepale. Aliuliza kwa Kisomali tunazungumza nini, na Gedi akamjibu kwamba ananifundisha Kiswahili. Tuliondoka bila maziwa.

Kuanzia hapo nilisoma namba za chesi kwa kidole kwanza, kisha kwa jicho. Kiwandani namba hupigwa kwa mashine, kina kimoja, mstari mmoja. Mtu anapogonga mwenyewe kwa nyundo, tarakimu moja huzama, nyingine huelea, na chuma kinachozizunguka huwa kimevimba kidogo. Sugueni kwa brashi ya waya, pakeni dizeli, futeni, kisha wekeni karatasi nyembamba juu na kuisugua kwa penseli laini. Penseli haina aibu. Hutoa na yale ambayo jicho limeyasamehe.

Kulikuwa na kazi nyingi za kuchekesha. Mzee mmoja alikuja kufuta lori lililoungua lote, akaondoka yadi akiliendesha. Nilipotoka kumwita alisema hilo ni pacha wake. Mwalimu mmoja wa bara alikataa kurudisha vibao vya namba kwa kuwa mtoto wake alizaliwa ndani ya gari hilo, akataka kuvitundika sebuleni. Nilimshuku, nikaenda mpaka sebuleni kwake, na kweli alikuwa amekwisha pigilia misumari. Mtoto mwenyewe alikuwepo. Vibao nilivichukua hata hivyo.

Jambo moja zaidi kutoka kwa Gedi, kisha niende kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Alinifundisha kwamba ripoti ina majibu matatu: ndiyo, hapana, na haijulikani. Wakaguzi wengi huliogopa la tatu wakidhani linawaonyesha wajinga. Gedi alilipenda. "Kuambiwa si kuona," alikuwa akisema. "Hujaona, andika haijulikani, lala." Watu wa soko walipogundua nimelirithi neno hilo waliniita Bwana Shaki, na shaki kwao ni shaka. Sikukasirika. Kuna wakaguzi walioitwa majina mabaya zaidi, na kwa haki.

Gedi alipokuwa amekwisha kustaafu, alikuja Adan. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa hapa mjini, nadhifu, mwenye manukato na simu mbili. Nyuma yake lori lilishusha mabaki ya pikapu: chesi, sehemu ya kichwa, vyote vimeungua na kuliwa na kutu. Kando yake alisimama mwanamke aliyejifunika hijabu ya kahawia, amebeba mfuko wa plastiki. Adan alisema huyo ni Fardosa, shemeji yake wa Bura, mke wa mdogo wake Yusuf.

"Yusuf, Mungu amrehemu, alikuwa akibeba mbuzi njia ya Mandera," akasema. "Majambazi. Walichoma gari na yeye. Wachungaji ndio walioyaona mabaki. Wallahi, Bwana Shaki, mama yetu halali."

"Cheti cha kifo?"

"Hakuna mwili, cheti kitatoka wapi? Mimi sitaki mengi. Nipe tu ripoti kwamba hii ni pikapu ya Yusuf. Nikiwa nayo, chifu ataniandikia barua. Nikiwa na barua ya chifu, naenda mbele."

Niliweka kalamu chini. Kwa kawaida watu huleta cheti cha kifo cha mtu ili gari lifutwe. Adan alileta kifo cha gari ili apate kifo cha mtu. Hati zangu zilikuwa zimepangwa kinyume, na kitu kikipangwa kinyume kuna aliyekipanga.

Nilikuwa nimekaa Garissa vya kutosha kujua kinachofuata. Iko desturi wanayoiita dumaal: mjane huolewa na ndugu wa marehemu, asiachwe peke yake na watoto. Wengi imewasitiri. Siku hizi mjane anaweza kukataa, lakini akikataa anawakataa jamaa wote kwa mpigo. Na mke ambaye mumewe hajathibitishwa kufa wala kutoa talaka hana alipo: haolewi, haachwi. Fardosa alikuwa amesimama hapo katikati, na ripoti yangu ingemsukuma upande mmoja, kwenye ujane na kwa Adan. Nilimtazama usoni nijue anataka upande gani. Alikuwa akitazama brashi yangu ya waya.

Nilimwomba anipe kitabu cha gari. Akakitoa kwenye mfuko, kimefungwa kwa leso. Kilikuwa halisi. Vibao vya namba, Adan alisema, viliyeyuka.

Nina kawaida ya kumuuliza kila aliyeleta gari, mmoja mmoja, namba ya chesi iko wapi. Aliyeishi na gari hujua, au husema hajui bila kuona haya. Adan alikuwa akizungumza na simu ya kwanza. Akaniambia yeye si fundi, kulia, kushoto, nitafute. Nikamgeukia Fardosa.

"Kulia," akasema polepole. "Nyuma ya gurudumu ya mbele. Mimi ndiye nilikuwa naiosha."

Kitabu cha kiwanda kinasema hivyohivyo. Niliingia chini upande wa kulia, nikasugua, nikapaka dizeli, nikasugua tena. Kutu, kisha kutu. Nilizunguka upande wa kushoto kwa ajili ya kukamilisha tu, nikapitisha kioo cha Gedi. Namba ilikuwa pale. Nzima, safi, kila tarakimu sawa na ya kwenye kitabu. Nikaweka kidole. Tarakimu ya kwanza ilizama, ya pili ikaelea.

Nilitoka chini, nikajipangusa magoti.

"Adan," nikasema, "namba ipo. Lakini imepigwa kushoto. Pikapu za aina hii hupigwa kulia."

Mtu asiyejua lolote angeuliza, kupigwa vipi? Au, kushoto ina maana gani? Adan hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia shemeji yake, sura imebadilika.

"Naa, Fardosa! Bidix?"

Bidix ni kushoto. Kisomali changu ni cha sokoni, lakini mikono miwili ya mtu ndiyo maneno ya kwanza unayofundishwa. Nilimwona Adan akisikia alichokisema. Simu ya pili ikaanza kulia mkononi mwake, akaiacha ilie.

Fardosa alizungumza kwa Kiswahili, na nadhani alichagua kwa makusudi ili nisikie.

"Si wewe ulisema fundi akigonga ataongea? Ukasema, shemeji, baba yako alikuwa mpiga chapa, wewe unajua chuma. Ukaniletea nyundo. Ngamia ya baba inapigwa kushoto, Adan. Mkono imezoea."

"Nyamaza, mwanamke."

"Nimenyamaza tangu Yusuf aende."

Mpakuaji mmoja wa lori alicheka, akakohoa ili kuificha. "Wallahi, wamelipiga gari chapa," akamwambia mwenzake. "Bado kulikama."

Nilimwambia Adan kwamba siwezi kurudi nyuma. Namba iliyogongwa upya ikishaonekana, mabaki hayaondoki yadi na polisi lazima waarifiwe. Hilo si langu kulisamehe. Akaniita ndugu yake, akaniambia nina watoto, naye anacho cha kuwalisha pamoja na wake. Nilimwomba asimalize hiyo sentensi, kwa faida yake. Kisha nikamgeukia Fardosa, kwa kuwa mkono ulioshika nyundo ulikuwa wake na sikutaka asije akadhani nimesahau.

"Nikiandika, watakuuliza nani aliyegonga."

"Andika. Nitawaambia mimi." Akasogea karibu. "Na andika kwamba gari si hii. Gari ya Yusuf iko Banissa, kule Mandera, inabeba mbuzi, na Yusuf anaiendesha. Ana nyumba ingine kule. Watu wa soko wamemwona. Adan anajua, mama yao anajua. Mimi nikisema, wanasema ni wivu ya mwanamke."

"Muongo!" Adan akafoka.

"Umemwona kwa macho yako?" nikamuuliza Fardosa.

"Nimeambiwa."

"Kuambiwa si kuona."

Alinikazia macho kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. Ofisa wa polisi alipofika aliandika maelezo yote ya Fardosa, naye Fardosa hakuficha nyundo wala mkono. Alirudi Bura jioni akiwa shahidi. Adan alibaki mikononi mwa polisi. Mambo yake mahakamani si yangu kuyasimulia.

Ripoti yangu ilikuwa fupi. Niliandika kwamba namba imegongwa kwa mkono, mahali ambapo kiwanda hakigongi. Kwamba mabaki hayo hayawezi kutambuliwa kuwa gari lililotajwa. Kwamba ombi limekataliwa na gari hilo linabaki hai kwenye usajili. Mahali lilipo: haijulikani. Fardosa, akiwa mleta kitabu, alikuwa na haki ya nakala. Alipokuja kuichukua aliisoma yote akiwa amesimama, kidole chake kikafuata mistari, kikafika kwenye neno la mwisho.

"Haijulikani," akasema. "Nimekuambia Banissa, na umeandika haijulikani."

"Ndiyo."

"Unashuku hata mimi."

"Hata wewe, dada."

Aliikunja ndani ya leso ileile. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa kadhi. Mke wa marehemu ana mlango mmoja na mke aliyetelekezwa ana mwingine, na ili aingie huo wa pili alihitaji mtu asiye jamaa aseme, kwa muhuri, kwamba kifo anachosimuliwa hakijathibitishwa. Gari likibaki hai kwenye usajili, hutafutwa. Lilisimamishwa baadaye kwenye kizuizi cha barabara upande wa Banissa, limejaa mbuzi, na vibao vyake havikuwa vimeyeyuka hata kidogo. Yusuf alikuwa nyuma ya usukani, amenenepa. Kadhi alimsikiliza Yusuf, akamsikiliza Fardosa, akaivunja ndoa.

Kwa muda mrefu niliisimulia kazi hiyo kwa wakaguzi wapya kama mfano wa kosa la mazoea: mkono wa mfugaji ulikwenda kushoto wenyewe, ukamfichua. Nilikuwa nikiisimulia vibaya. Niligundua wiki yangu ya mwisho kazini.

Fardosa alikuja yadi na pikapu yake mwenyewe, kuukuu lakini nzima, amenunua ili kubeba maziwa ya ngamia kutoka Bura. Alitaka ukaguzi wa kubadilisha umiliki. Nilishika brashi na kioo, nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu, namba iko wapi.

"Kulia," akasema. "Nyuma ya gurudumu ya mbele. Unauliza kila siku swali moja, Bwana Shaki?"

Nilikuwa nimekwisha piga goti. Nikabaki hapo. Maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya polepole. Siku ile ya kwanza alinijibu hivyo kabla sijaingia chini ya mabaki. Alijua ni kulia. Aliliosha gari la Yusuf miaka yote ya ndoa yake. Na bado, nyundo ikiwa mkononi, alikuwa amegonga kushoto, kisha akaja kwenye yadi ambayo soko zima linajua mkaguzi wake haamini kitu, akaniambia nianze kutazama kulia.

Nilisoma namba. Ilikuwa ya kiwandani, kina kimoja, mstari mmoja. Nilitoka chini nikajifuta mikono taratibu.

"Fardosa," nikasema, "siku ile ulikosea, au ulikusudia?"

Alikuwa amekwisha panda, anarekebisha kioo cha juu ili kimtoshe. Hakugeuka, lakini nilimwona kiooni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anacheka.

"Wewe ulikuwepo nikigonga?"

"Hapana."

"Basi andika haijulikani," akasema, akawasha gari.